Tukio la Fluxus si hepeningi

Neno "hepeningi" siku hizi linabandikwa juu ya kila walichofanya wasanii wa kike wa Kijapani huko New York miaka ya 1960. Hepeningi ni onyesho. Tukio, kama Fluxus, kundi la wasanii wa majaribio, lilivyolitumia neno hilo, ni maagizo mafupi yaliyoandikwa ambayo yeyote anaweza kuyatekeleza.

Kosa nusu ni la tafsiri: Waingereza wana maneno mawili, "happening" na "event", sisi mara nyingi yote tumeyafanya "tukio", kutoka kutukia. La kwanza lilivuma baada ya msanii Mmarekani Allan Kaprow kulitia katika jina la onyesho lake mwaka 1959. La pili lilikolezwa na George Brecht, msanii wa Fluxus na mwanafunzi wa John Cage. Cage alikuwa mtunzi wa muziki, ndiyo maana karatasi ya maagizo huitwa kwa Kiingereza "score", jina lilelile la karatasi ya nota. Mwanakwaya ataelewa upesi: mwimbaji akiondoka, nota zinabaki.

Mieko Shiomi alisomea muziki Tokyo kabla ya kwenda New York mwaka 1964 pamoja na Shigeko Kubota. Kazi moja ya Shiomi ni hii: anza na tabasamu, lipunguze kidogo kidogo mpaka lisiwepo. Basi. Wanaoijaribu huiharibu kwa pupa. Tabasamu linaanguka ghafla, na kilichokatika si kilichotoweka. Ilipofanywa filamu kwa mdomo wa msanii mwenzake Yoko Ono, kamera ya kasi kubwa ilizinyoosha sekunde chache zikawa dakika kama kumi.

Hata ile kazi ya Ono ya kukatwa nguo, Kyoto 1964 kisha New York 1965, ina maagizo: mtendaji akae jukwaani, mkasi mbele yake, watazamaji waje mmoja mmoja, wakate kipande, waondoke nacho. Mwisho anaamua mtendaji. Hakuna panaposema lazima awe Ono.

Kubota ni mgumu kumpanga. Mwaka 1965, katika tamasha la Fluxus, alipaka rangi nyekundu kwa brashi iliyofungwa kwenye chupi yake, bila kuacha maagizo ya kurudiwa.

Yayoi Kusama, na watu wake uchi waliopakwa madoa mbele ya Soko la Hisa la New York mwaka 1968, hakuwa wa Fluxus, na za kwake aliziita hepeningi mwenyewe. Basi neno hilo aachiwe yeye. Ukimwandika Shiomi, andika "tukio", na umwonyeshe msomaji maagizo yenyewe.