"Kasafirisha wapi?" Yanayoaminiwa mtaani kuhusu kesi za dawa za kulevya

Mama mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, alinijia jioni, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne na kulowa jasho la kiganja. Ilikuwa nakala ya hati ya mashtaka ya mwanawe. Alikuwa ameisoma mwenyewe, neno kwa neno, akakwama kwenye neno moja.

"Mwanangu, hapa wameandika kusafirisha. Huyu hajafika hata Kibaha. Kakamatwa hapo kwenye kona ya nyumba yetu. Kasafirisha wapi?"

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi zangu nyingi ziko upande wa Temeke, na swali la yule mama nimelisikia kwa sura nyingi. Naandika kwa sababu familia zinapoteza siku za mwanzo, zile ambazo jambo bado lingeweza kushikwa vizuri, kwa kufuata maneno ya kijiweni.

"Kusafirisha ni kuvusha mpaka"

Sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1995 na kuongezewa makali mwaka 2017. Zanzibar wana sheria yao. Katika sheria hii ya Bara, neno kusafirisha ni kapu kubwa. Ndani yake mna kuingiza nchini na kutoa nje, ndiyo, lakini pia mna kununua, kuuza, kumpa mtu, kugawa, kuhifadhi, kubeba, na hata kuwa nazo. Kijana aliyesimama kona na kete mfukoni anaweza kushtakiwa kwa kusafirisha bila kupanda hata daladala.

Neno hilo ndilo linalobeba miaka. Kusafirisha heroini au kokeini ya zaidi ya gramu 200 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Gramu 200 kushuka chini, kifungo cha miaka 30. Pima kwa macho ya jikoni: gramu 200 haifiki robo kilo ya sukari ya dukani kwa Mangi. Kwa bangi na mirungi mipaka imewekwa kwa kilo badala ya gramu, lakini chini ya mpaka huo kifungo cha miaka 30 kipo palepale. Huko hakuna habari ya kulipa faini ukarudi nyumbani.

Kwa hiyo ukipata hati ya mashtaka, tafuta vitu viwili kabla ya kingine chochote: kosa limeandikwa kwa jina gani, na uzito ni kiasi gani. Yule mama nilimwonyesha kwa kidole. Akanyamaza muda mrefu.

"Kikiwa kidogo, cha kutumia mwenyewe, ni faini tu"

Hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ni kweli sheria ina kosa jingine, dogo kuliko kusafirisha: kukutwa na kiasi kidogo kwa matumizi yako mwenyewe, na hapo faini ipo. Lakini anayesema kilikuwa cha kwake ndiye anayetakiwa kuionyesha mahakama hivyo. Msokoto mmoja wa bangi unajieleza kwa namna yake. Kete 12 zilizofungwa mojamoja, pamoja na noti za elfu moja moja mfuko wa pili, zinajieleza kwa namna nyingine kabisa, hata kama kijana ni teja kweli na kila mtu mtaani anajua.

Na hapa naomba nisikilizwe sana. Watu huambiwa: "Kubali haraka, utapigwa faini, jioni uko nyumbani." Mshtakiwa anafika mbele ya hakimu, anasema ni kweli, hajui hata kosa lililosomwa ni lile dogo au ni kusafirisha. Aliyekiri kosa mwenyewe mahakamani, rufaa yake kwa kawaida hubaki kwenye adhabu tu. Kutiwa hatiani hakurudi mezani kirahisi. Kama hujaelewa kosa, sema hujaelewa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa sheria, hivyo usione haya kuomba uelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

"Mirungi ni majani, Wakenya wanauza sokoni"

Wakenya wanauza, ni kweli, kwao ni zao la biashara. Hapa ni dawa ya kulevya kama bangi, na basi linalotoka kaskazini likisachiwa, kifurushi hakiulizwi kilikouzwa kilikuwa halali au la. Bangi nayo haiwi halali kwa kuitwa dawa ya asili.

"Dhamana ni haki yake, wanataka hela tu"

Makosa mengi yana dhamana. Ya dawa za kulevya, uzito ukipita kiwango kilichotajwa na sheria, mahakama haina ruhusa ya kuitoa, hata hakimu akimhurumia mshtakiwa namna gani. Makosa haya pia yamewekwa kwenye kundi la uhujumu uchumi. Mahakama ya chini haiwezi kuyasikiliza bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, na yale mazito huishia Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi.

Ndiyo maana pale Mahakama ya Kisutu utasikia mshtakiwa akiambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka. Ndugu walioko nje wanashangilia, wanadhani kesi ni nyepesi. Kumbe ni kinyume chake. Baada ya hapo karandinga linaelekea gereza la Segerea au Keko, na tarehe inapangwa nyingine.

Katikati ya kuchanganyikiwa huko ndipo vishoka, yaani matapeli wa mahakamani, wanapojitokeza na ahadi ya "kumwona mtu" kwa laki tano. Nimeona familia ikiuza cherehani kwa ajili ya dhamana ambayo sheria haikuruhusu tangu mwanzo. Iliniuma, na bado inaniuma.

"Mzigo si wangu, niliombwa kubeba"

Maneno haya yanaweza kuwa kinga na yanaweza kuwa kitanzi. Kanuni ya Adhabu inapoeleza kuwa na kitu, haiishii kwenye mfuko wako. Inagusa pia kitu ulichokiweka kwa mtu mwingine au mahali pengine huku ukijua, na kitu kilicho kwa mmoja wenu huku wengine mnajua na mmeridhia. Moyo wa jambo ni kujua. Dereva wa bodaboda aliyepewa boksi lililofungwa hayuko sawa na aliyeliona likifungwa. Lakini dereva asiyeweza kusema alilichukua kwa nani, saa ngapi, kwa namba gani ya simu, anakuwa na maneno matupu. Wanangu wa bodaboda, msifute meseji za mteja.

"Zile karatasi za upekuzi ni za polisi, we saini tu"

Afisa akichukua kitu kwenye upekuzi anatakiwa kutoa stakabadhi ya alichochukua, yenye sahihi ya mwenye nyumba au aliyekuwa na kitu, na ya mashahidi kama wapo. Soma. Kama zimeandikwa kete 30 na wewe umeziona 13, sema hapohapo, mbele ya mjumbe au yeyote aliyeitwa. Safari ya kielelezo kutoka chumbani kwako hadi maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kutoka maabara hadi mahakamani, inatakiwa ijulikane nani alikishika na lini. Mahakama ya Rufani imesisitiza jambo hilo mara nyingi, na kesi zimewahi kuanguka kwa sababu mnyororo huo ulikatika.

"DPP kafuta kesi, tumeshinda"

Mmepumua, hamjashinda. Kufutwa na DPP kabla ya hukumu si kuachiwa huru. Bado anaweza kukamatwa tena kwa jambo lilelile.

"Ukimpeleka kliniki ya methadoni umempeleka polisi"

Kliniki hizo ni za hospitali, na methadoni ni dawa ya kumsaidia mraibu aachane na heroini. Muhimbili ilianza mwaka 2011, Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014. Mgonjwa, hasa mwanzoni, anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, bila kulipa, anaondoka. Arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inapungua, na haja ya kutafuta kete asubuhi inapungua nayo. Yule mama wa Tandika ana mtoto wa pili, miaka 22, anatumia pia. Alikuwa akimficha ndani asionekane. Wiki iliyofuata walikuwa kwenye foleni ya Temeke saa moja asubuhi, yeye amebeba chupa ya chai.