Presha ni nini? Maana ya neno na matumizi yake ya kila siku

Mtu akikuambia "nina presha", huwezi kujua anachokisema mpaka aendelee. Huenda ana usaili kesho asubuhi. Huenda ametoka kliniki na ameandikiwa vidonge. Huenda timu yake inaongoza kwa bao moja na zimebaki dakika tatu. Hali hizo hazifanani, na mbili za kwanza huchanganywa kiasi cha kuwagharimu watu afya zao. Ndiyo maana naona inafaa kulifungua neno hili taratibu, kuanzia maana yake ya msingi.

Kwa maana ya msingi, presha ni kani inayosukuma juu ya eneo fulani. Vitabu vya sayansi huiita kanieneo, na jina hilo limebeba kanuni yote: chukua kani, igawe kwa eneo inapoangukia. Presha, basi, si nguvu peke yake. Nguvu ileile ikikusanywa mahali padogo huleta presha kubwa, na ikitandazwa mahali papana presha hupungua.

Chukua mtu wa kilo 60. Uzito wake husukuma sakafu kwa kani ya nyutoni 600 hivi. Akisimama peku, nyayo zake mbili zikigusa sakafu kwa sentimita 300 za mraba, presha anayoiweka pale ni kama paskali 20,000. Mvalishe viatu vya mchuchumio vyenye kisigino cha sentimita moja ya mraba, kisha nusu tu ya uzito wake iangukie kisigino kimoja: presha inaruka hadi paskali 3,000,000, yaani mara 150. Mtu ni yuleyule, hajaongezeka hata gramu, lakini sakafu ya mbao sasa inatoboka. Kwa sababu hiyohiyo kisu hunolewa na sindano huchongwa ncha, na kwa sababu hiyohiyo mkanda wa begi zito hufanywa mpana ili usikate bega.

Kipimo hicho, paskali, kimepewa jina la Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662. Paskali moja ni kani ya nyutoni moja kwenye mita moja ya mraba, kiasi kidogo mno kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo watu hutumia kilopaskali, hektopaskali au bar. Geji nyingi za matairi zinasoma pauni kwa inchi ya mraba.

Hewa nayo ina uzito, na uzito huo unatulemea saa zote. Usawa wa bahari, presha ya angahewa ni wastani wa paskali 101,325, karibu sawa na kuweka kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba ya ngozi yako. Hatupondeki kwa sababu majimaji na hewa vilivyomo mwilini vinasukuma kwa nje kwa kiasi kilekile. Mtaliano Evangelista Torricelli alilionyesha jambo hili mwaka 1643: mrija wa kioo uliojazwa zebaki na kupinduliwa, mdomo ukiwa ndani ya bakuli la zebaki, haukumwagika wote, bali zebaki ilisimama kwenye urefu wa sentimita 76 hivi, ikishikiliwa na hewa ya nje. Miaka mitano baadaye, Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande na kifaa kama hicho kwenye mlima Puy de Dôme huko Ufaransa. Kadiri alivyopanda, ndivyo zebaki ilivyoshuka. Hewa ya juu ni haba, haina uzito wa kutosha.

Hapa ndipo maelezo ya mambo mengi ya kila siku yanapotoka. Masikio huziba ndege inapopanda au kushuka kwa sababu presha ya nje imebadilika na ya nyuma ya ngoma ya sikio bado haijafuata; ukimeza mate, njia hufunguka na pande mbili zikalingana. Soda hupanda kwenye mrija si kwa sababu mdomo unaivuta, bali kwa sababu umepunguza presha ndani ya mrija na hewa ya nje ikaisukuma soda juu. Maji nayo huchemka kwa joto dogo mahali pa juu: kwenye kilele cha Everest, ambako presha ni kama theluthi moja ya ile ya baharini, maji huchemka kwenye nyuzi joto 70 hivi, na chakula hakiivi upesi. Sufuria ya presha hufanya kinyume chake. Mvuke ukizuiwa kutoka, presha ndani hupanda hadi takriban mara mbili ya kawaida, maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120, na maharage huiva kwa muda mfupi. Vali iliyo juu ya mfuniko ndiyo inayozuia mlipuko, kwa hiyo isiachwe kuziba.

Katika maji, presha hutegemea kina. Kila mita 10 unazozama huongeza presha karibu sawa na ile ya angahewa nzima. Wingi wa maji haujalishi: bomba jembamba lililosimama mita 10 lina presha ileile chini yake kama tangi pana la kimo hichohicho. Tangi la maji huinuliwa juu ya mnara kwa ajili hiyo, maana kimo ndicho kinachosukuma maji mpaka bombani.

Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo wa hewa. Upepo huvuma kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kuelekea mdogo. Kwenye matairi watu husema upepo tu, na geji huonyesha kile kilichozidi presha ya hewa ya nje. Tairi lipimwe likiwa limepoa, maana safari hulipasha joto na kupandisha namba.

Tukija kwa watu, lugha hugawanya kazi vizuri kuliko wengi tunavyotambua. Shinikizo huwa na mwenyewe: kuna anayeshinikiza na kuna anachokitaka. Waziri hujiuzulu kwa shinikizo la wananchi, kijana huanza kuvuta sigara kwa shinikizo la rika, wafanyakazi hugoma ili kushinikiza nyongeza ya mshahara. Presha ya moyoni si lazima iwe na mtu nyuma yake. "Usinipe presha" ina mtuhumiwa, lakini "presha inapanda, presha inashuka" ya mtu anayesubiri matokeo haina. Ni wasiwasi wake mwenyewe.

Matumizi hayo ya mwisho ndiyo yanayonihangaisha, kwa sababu yameufunika ugonjwa wenye jina hilohilo.

Presha ya damu, ambayo kwa lugha rasmi ni shinikizo la damu, ni jinsi damu inavyosukuma kuta za mishipa. Kila mtu aliye hai anayo. Mwaka 1733 Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, aliandika jinsi alivyounganisha bomba la kioo na mshipa wa farasi na damu ikapanda ndani yake zaidi ya mita mbili. Kipimo cha mkanda wa mkononi kilikuja mwaka 1896 kupitia Mtaliano Scipione Riva-Rocci, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti ambazo mpimaji huzisikiliza chini ya mkanda hadi leo. Majibu huja kwa namba mbili. Ya juu ni presha moyo unaposukuma damu, ya chini ni presha moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki: 120 kwa 80 maana yake damu ina nguvu ya kuinua zebaki milimita 120, kisha 80. Kwa mtu mzima, 140 au zaidi kwa ya juu, au 90 au zaidi kwa ya chini, ikionekana katika siku mbili tofauti, ndiyo huitwa presha ya kupanda.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauna dalili. Mtu mpole, asiyegombana na yeyote, anayelala fofofo, anaweza kuwa na 170 kwa 100. Na mwenye wasiwasi ambaye moyo unamwenda mbio anaweza kupimwa akakutwa sawasawa. Hofu hupandisha namba kwa muda, kisha zikarudi; ugonjwa unabaki nazo juu usiku na mchana, ukiichosha mishipa kimyakimya hadi kiharusi, moyo kushindwa kazi au figo kuharibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda hawajijui. Anayesema "mimi sina presha, sina mawazo" amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Presha ya kushuka, chini ya 90 kwa 60 hivi, mara nyingi hujitangaza yenyewe: kizunguzungu unaposimama ghafla, macho kuingia giza, hata kuzirai. Huweza kutokana na kupungukiwa maji mwilini, kupoteza damu au dawa fulani, na wapo wenye namba hizo maisha yao yote bila shida yoyote.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu. Kaa ukiwa umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, upumzike dakika tano bila kuzungumza, mkono ukiwa usawa wa moyo. Kahawa, sigara na kibofu kilichojaa huongeza namba, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza pia. Na aliye kwenye dawa akisoma 125 kwa 80 asidhani amepona akaacha vidonge. Namba hiyo inaonyesha kwamba vidonge vinafanya kazi, na mabadiliko yoyote ya dozi ni ya kuzungumza na daktari.