Hela za Wafaransa Hazikuingia Kwenye Dikoda Yako

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye banda la mpira, Mwanga ya Kigoma, mapumziko, watu wananyoosha miguu. Kijana mmoja wa bodaboda, jezi nyekundu mwilini na karanga kiganjani, akageukia benchi la nyuma akatangaza: "DStv sasa hivi wana hela chafu. Wafaransa wamemwaga mabilioni mle ndani. Subirini tu, vifurushi vinashuka." Banda zima likaitikia. Mwenye banda, ambaye ndiye hutoa hela ya kifurushi mwezi ukiisha, akasema "Inshallah" kwa sauti ya mtu anayeomba mvua.

Nilinyamaza, maana nilikuwa nimelipa kiingilio nitazame mpira, sikwenda kufundisha. Lakini maneno hayohayo kinyozi wangu alishanieleza, mama anayeniuzia migebuka alishanieleza, na shemeji yangu alishanieleza, na huyo shemeji anafundisha somo la biashara sekondari. Kwa hiyo naandika hapa mara moja tu. Atakayelirudia namtumia linki.

Kwa wasionijua, mimi ni wakala wa hisa. Meza moja, feni moja, na fomu za dalali wa Dar, huu mwaka wa 11, hapa mwisho wa reli. Sina hisa za kampuni hiyo na sijawahi kuwa nazo.

Ni hivi. MultiChoice, yaani wenye DStv, walipotenganishwa na kampuni mama yao, Naspers, na kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Johannesburg Februari 2019, hisa zao zilikuwa tayari zina wenyewe: mifuko ya uwekezaji, matajiri, watu wa kawaida waliojinunulia kidogokidogo. Hisa milioni 442 hivi. Canal+, kampuni ya televisheni ya Ufaransa na ndio Wafaransa wenyewe, walianza kuzichukua pale sokoni mwaka 2020, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Mwaka 2024 wakatoa ofa ya kuzinunua zote zilizobaki. Ofa ile walipewa wenye hisa, siyo kampuni. Na aliyeuza ndiye aliyelipwa.

Kampuni yenyewe haikupata hata senti.

Najua hapo ndipo watu wananiacha, kwa hiyo twende Katonga. Ndugu wanne wana mtumbwi wa dagaa. Walichanga: injini, wavu, taa. Kila mmoja ana robo. Mzee mmoja kachoka baridi ya ziwani, anataka kupumzika. Anakuja mtu wa Kasulu anampa milioni nne kwa robo yake. Milioni nne ziko wapi? Ziko kwa mzee. Kesho yake anaonekana Gungu akinunua bati. Na usiku huohuo mtumbwi unaingia majini na wavu uleule uliochanika ubavuni, injini ileile inayokohoa, na ile taa moja inayozimika mpaka uipige kofi. Mvuvi anayevuta wavu hajaona tofauti yoyote, isipokuwa asubuhi kuna sura mpya ufukoni inayohesabu ndoo.

Sasa geuza kidogo. Ndugu wale wanne wanasema, hatuuzi robo ya mtu, tunatengeneza fungu la tano jipya, anayelitaka alipe milioni nne kwenye mfuko wa mtumbwi. Hapo ndipo wavu mpya unapatikana. Kila ndugu amepungukiwa fungu lake kidogo, lakini mtumbwi una hela.

Hivyo ni vitu viwili, na magazeti huviandika kwa sentensi moja: "mwekezaji aweka mabilioni." Aweke wapi? Neno "kuwekeza" limetumika hovyo mpaka limechoka. Ukinunua hisa ya benki pale Dar kutoka kwa mtu aliyekuwa nayo, benki haijapata kitu, imebadilisha jina tu kwenye daftari. Benki hupata hela siku inapotoa hisa mpya. Nimewaeleza hivyo wateja wangu, wengine wakanitazama kana kwamba nimewaibia. Mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo hela yangu nimempa nani?" Nikamwambia, umempa mtu usiyemjua aliyekuwa anataka kutoka. Hakulipenda jibu hilo, na sijui nilitengeneze vipi lipendeze, maana ndivyo lilivyo.

Tukirudi kwa Wafaransa. Bei ya mwisho ilikuwa randi 125 kwa hisa. Zidisha kwa hisa zote, kampuni nzima inakuwa na thamani ya randi bilioni 55 hivi. Hiyo ndiyo namba iliyosambaa kwenye simu za watu kama "hela zilizoingia". Kwanza hazikulipwa zote, kwa sababu Canal+ walikuwa tayari na zaidi ya asilimia 45 ya hisa. Mtu hajilipi mwenyewe. Pili, hizo zilizobaki, tuseme bilioni 30 kwa hesabu ya vidole, ziliingia kwenye akaunti za walioachia hisa. Wakazila, wakazihamishia kwingine, shauri yao.

Na kampuni iliyonunuliwa haikuwa mtumbwi mpya. Hesabu zake za Machi 2024 zilionyesha madeni kuzidi mali. Kufika Machi 2025 ilikuwa na wateja milioni 14.5 wanaolipia, na walikuwa wanapungua. Mnunuzi mwenye akili akiikuta hali hiyo atafanya nini? Anaweza kutia mtaji wake baadaye, ndiyo. Anaweza pia kukaa na kalamu nyekundu akakata gharama. Kuna siku atafanya yote mawili. Ninachokataa ni mtu kuchukua "anaweza kutia" akaifanya "ametia", halafu juu yake akajenga "vifurushi vinashuka". Bei ya kifurushi inategemea haki za matangazo ya mpira, thamani ya dola, na nani anashindana na nani hapa nchini. Ofa ya Johannesburg haimo kwenye orodha hiyo, au imo kwa mbali sana.

Kuhusu hofu ya kwamba tutaanza kusikia mpira kwa Kifaransa: hapana. Wenzetu ng'ambo ya ziwa, Kongo, wanatazama Canal+ kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya shule zao. Anayenunua wateja wanaosikia Kiswahili na Kiingereza halafu akawapa wasichokielewa, amewanunua wa nini?

Hili la pili nalipita haraka, ingawa nalo linaniudhi. "Mbona bodi ya MultiChoice ilikataa ofa?" Ni kweli. Februari 2024 Canal+ walitaja randi 105, wakati hisa ilikuwa inauzwa karibu 75 sokoni, na bodi ikasema kampuni ina thamani kubwa zaidi ya hapo. Watu wakashangilia, wakidhani mchezo umekwisha. Bodi ni walinzi wa nyumba, siyo wenye nyumba. Wanaweza kushauri usiuze, lakini hawakushiki mkono. Tena Canal+ walikuwa wameshavuka asilimia 35, na sheria ya Afrika Kusini inasema ukivuka hapo huna hiari, lazima uwape ofa wenzako wote waliobaki. Msimamizi wa ununuzi wa kampuni kule akawaambia hivyo mwezi huohuo. Machi bei ikapanda hadi 125, bodi ikabadili sauti. Kukataa kulikuwa sehemu ya kupatana bei, kama mama wa migebuka anavyofunika beseni lake ukitaja bei ya kitoto. Hajakataa kuuza. Amekataa ulichotaja.

Sasa niseme na wenye jezi nyekundu, maana ninyi mnapaswa kulijua hili kuliko mimi. Mwaka 2005 Malcolm Glazer alitwaa Manchester United kwa pauni milioni 790 hivi. Walioufungua mlango ni wanahisa wawili wa Ireland waliokuwa na asilimia 28.7, wakauza kwa pauni 3 kila hisa. Glazer akavuka asilimia 30, ambayo kwa Uingereza ndiyo mstari wa ofa ya lazima, na mengine yakafuata. Je, klabu ilipata pauni milioni 790? Klabu ilipata madeni. Sehemu kubwa ya hela ya kununulia ilikuwa ya kukopa, na mkopo ukabebeshwa klabu yenyewe. Rudi Katonga: mtu wa Kasulu kakopa milioni nne, kamlipa mzee, halafu rejesho linakatwa kwenye ndoo za dagaa kila asubuhi. Mashabiki wengine waliona hivyo wakaondoka, wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester. Waliobaki wakavaa skafu za kijani na dhahabu kuonyesha kwamba wanampinga. Wale waliokuwa na hisa mbili tatu za mapenzi nao walilazimika kuziachia, kwa kuwa mnunuzi akishakusanya karibu zote sheria humruhusu kuchukua na mabaki kwa bei ileile. Kwa hiyo kijana wangu wa karanga, timu yako yenyewe ni ushahidi kwamba kampuni inaweza kununuliwa kwa mamilioni na ikatoka maskini kuliko ilivyoingia.

Simaanishi Canal+ wamefanya hivyo. Nasema jumla ya bei haikuelezi kitu kuhusu hali ya kampuni siku ya pili.

Niseme na ninapoyumba mimi mwenyewe. Vitabu tulivyosomea vinasema mwenye uamuzi ni mwanahisa, shabiki ni mteja tu, atulie. Kwa miaka mingi nilikuwa nalisema hilo kwa kiburi. Halafu kuna ile ya 1998. BSkyB, kampuni ya televisheni, iliitaka hiyohiyo Manchester United kwa pauni milioni 623, na bodi ilikuwa imekubali. Mashabiki hawakuwa na hisa za kuzuia chochote. Walichofanya ni kuandika: maelezo marefu kwa tume ya ushindani ya Uingereza, yenye hoja za sheria na soko, siyo matusi. Aprili 1999 serikali ikauzuia ununuzi ule. Ni mashabiki waliouzuia, au tume ingefika hapohapo bila wao? Sijui. Naona walisaidia, ila siwezi kulithibitisha, na ninayemsoma akiwa na uhakika sana upande wowote simwamini. Hata hili la Canal+, Afrika Kusini ilipotoa idhini Julai 2025 ilidai masharti: kutopunguza wafanyakazi kwa miaka mitatu, na randi bilioni 26 hivi kwa vitu kama vipindi vya nyumbani na biashara za wazalendo. Hizo ndizo hela zenye ahadi nyuma yake. Angalia ziliahidiwa wapi. Mwanga haimo.

Lingine ninaloyumba ni bei. Mtu akiniuliza kama randi 125 ilikuwa halali, natoa kikokotoo, nabonyeza, napata jibu lenye desimali mbili, na moyoni najua desimali zile ni mapambo. Nimewahi kumshauri mteja mmoja, mama mtu mzima, asikubali ofa iliyotolewa kwa kampuni fulani aliyokuwa na hisa zake. Nilimwambia, "Mama, subiri, watapandisha." Hawakupandisha. Ofa ikafa, hisa ikarudi ilikotoka na ikashuka zaidi. Huyo mama bado tunasalimiana vizuri, ila habari ya hisa hanitajii tena. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Watu wa upande wa pili hawakuwa wameisoma.

Kwa hiyo Jumamosi, baada ya mechi, kijana wa karanga akanifuata nje. Nadhani mwenye banda ndiye aliyemchongea kwamba mimi ni mtu wa hisa. Tukasimama kwenye pikipiki yake nikamweleza habari ya mtumbwi, ya mzee wa bati na wavu uliochanika. Alisikiliza vizuri, tena akaniuliza swali ambalo shemeji yangu hajawahi kuniuliza: yule aliyelipwa randi 125, alikuwa amenunua kwa ngapi? Nikamwambia wengine walinunua kwa bei ya juu kuliko hiyo miaka ya nyuma, kwa hiyo walitoka na hasara, na wengine waliokota chini wakapata. Akatikisa kichwa, akawasha pikipiki.

"Sawa mwalimu," akasema. "Lakini kifurushi kitashuka."

Nikamlipa 1,000 anipeleke nyumbani.