Makala Kukataliwa na Jarida: Maana Yake Hasa

Kukataliwa kwa makala ya kitaaluma ni uamuzi wa mhariri kwamba makala uliyomtumia haitachapishwa katika jarida lake. Uamuzi huo hauna nguvu nje ya jarida hilo. Haukuzuii kuipeleka makala kwingine, hauwekwi mahali ambapo mwajiri au mtahini wako ataukuta, wala hausemi kwamba utafiti wako haufai. Naanza na hilo kwa sababu nimeona makala nzuri za wanafunzi wa uzamivu na wahadhiri vijana zikifukiwa kwenye kompyuta kwa miaka, kisa barua pepe moja ya aya mbili. Data ilikusanywa kwa taabu, pengine kwa nauli ya mtafiti mwenyewe, na mwishowe hakuna aliyeisoma. Hasara hiyo inaniuma kuliko kukataliwa kwenyewe.

Kukataliwa kuna namna zake, na ni muhimu ujue yako ni ipi kabla hujaamua la kufanya.

Kuna kukataliwa mezani. Mhariri anasoma kichwa, ikisiri (muhtasari wa makala), utangulizi na marejeleo, kisha anairudisha makala bila kuipeleka kwa wapitiaji, yaani wataalamu wa fani wanaoombwa kuitathmini. Jibu huja haraka, mara nyingine ndani ya siku chache, na haraka hiyo ndiyo inayowavunja watu moyo: wanahisi hawakusomwa. Mara nyingi sababu ni wigo. Makala ya uhakiki wa tenzi ikipelekwa kwenye jarida la ufundishaji wa lugha itarudi hata iwe bora namna gani. Wengine hurudishiwa kwa kuzidisha idadi ya maneno, kwa kutofuata mtindo wa marejeleo unaotakiwa, au kwa ikisiri inayoeleza mada bila kutaja matokeo. Hapa dawa ni kusoma matoleo mawili matatu ya hivi karibuni ya jarida unalolilenga, liwe Kiswahili, Mulika au Kioo cha Lugha, uone ni hoja za aina gani zinazopewa nafasi humo. Ukurasa wa maelekezo kwa waandishi peke yake hautoshi.

Kuna pia sababu zisizohusu ubora hata kidogo. Mwaka 1937 Hans Krebs, akifanya kazi Sheffield nchini Uingereza, alilipelekea jarida la Nature barua fupi kuhusu mzunguko wa asidi ya sitriki, yaani namna seli zinavyopata nishati kutokana na chakula. Akajibiwa kwamba barua zilizopo zinatosha kujaza nafasi ya wiki saba au nane. Akaipeleka kazi hiyo kwenye jarida la Enzymologia, likaichapisha mwaka huohuo. Mwaka 1953 alipata Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Leo kila mwanafunzi wa biolojia anaujua mzunguko wa Krebs.

Namna ya pili huja baada ya makala kusomwa na wapitiaji, kwa kawaida wawili au watatu. Hii inauma zaidi kwa kuwa umeisubiri kwa miezi, na maoni yenyewe wakati mwingine ni makali. Lakini ndiyo yenye faida kuliko zote: wataalamu wa fani yako wamekaa na kazi yako na kukuandikia kasoro zake bure. Kukataliwa huweza kuiboresha makala, kama ilivyokuwa kwa mwanafizikia Peter Higgs mwaka 1964. Makala yake ya pili kuhusu chimbuko la tungamo la chembe ilikataliwa na jarida la Physics Letters. Akairudia, akaongeza maelezo mafupi kwamba nadharia yake inaashiria kuwepo kwa chembe mpya, akaipeleka Physical Review Letters nchini Marekani, ikachapishwa mwaka huohuo. Chembe hiyo iliyoongezwa baada ya kukataliwa ndiyo iliyotafutwa kwa miongo kadhaa, ikathibitishwa na majaribio ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 2012. Higgs akapata Nobel mwaka 2013.

Wapitiaji nao hukosea. Makala ya George Akerlof kuhusu soko la magari mitumba ilikataliwa na majarida matatu ya uchumi kabla ya kutoka mwaka 1970, nayo ndiyo iliyochangia kumpatia Nobel mwaka 2001. Hata hivyo, usikimbilie kujifananisha naye. Mpitiaji akisema hakuelewa sampuli yako uliipataje, yaelekea na wasomaji wengine hawataelewa, hata kama wewe unaona umeieleza. Rufaa kwa mhariri ifanywe pale tu mpitiaji alipokosea jambo linaloweza kuonyeshwa wazi, kwa mfano akidai hukutaja ukomo wa utafiti ilhali umeutaja ukurasa wa nne.

Halafu kuna barua ambayo si ya kukataliwa kabisa, ingawa wengi huisoma hivyo. Huanza kwa ubaridi: “Makala haiwezi kukubaliwa katika hali yake ya sasa.” Msomaji aliyechoka anaishia hapo. Sentensi inayofuata inasema mhariri yuko tayari kuipokea tena baada ya marekebisho makubwa. Huo ni mlango ulio wazi! Tengeneza jedwali la safu tatu: oni la mpitiaji neno kwa neno, jibu lako, na ukurasa ulipofanya badiliko. Usiruke hata oni moja. Usipokubaliana na oni fulani, sema hivyo kwa heshima na utoe ushahidi.

Kuhusu moyo wenyewe, huzuni ya siku hiyo ni halali na haina haja ya kufichwa. Usimjibu mhariri ukiwa na hasira. Weka barua kando siku chache, kisha irudie pamoja na mwenzako asiyeandika makala hiyo. Yeye ataona oni la kweli pale ulipoona tusi. Msimamizi akikwambia naye amewahi kukataliwa, mwombe akuonyeshe maoni aliyopewa na toleo lililochapishwa, utajifunza mengi kwa kulinganisha.

Wakati huo wa unyonge ndipo hufika barua pepe za majarida ya kitapeli: utachapishwa ndani ya siku tano, lipa ada tu. Ada peke yake si dalili ya utapeli, maana majarida halali ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, nayo hutoza. Dalili ni mapitio yasiyoweza kufanyika kwa muda huo, na bodi ya wahariri isiyojulikana. Lichunguze jarida kwenye orodha za mtandaoni za AJOL (majarida ya Afrika) na DOAJ (majarida ya ufikiaji huria). Makala ikishatoka huko, jarida la maana halitaipokea tena, na kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuikataa.

Usiitume makala kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja, kwani ni kosa la kimaadili. Badala yake, kabla hujaituma mara ya kwanza, kaa na waandishi wenzako mwandike majina ya majarida matatu kwa mpangilio. La kwanza likikataa, fanyeni marekebisho yanayostahili, badilisheni mtindo wa marejeleo, kisha muipeleke makala kwenye la pili.