Mlango mmoja, rangi mbili: jicho linavyosoma rangi na uso wa gari

Katika kazi yangu ya kuchanganya rangi za magari hapa Lubumbashi, lalamiko ninalolipata kuliko yote halihusu rangi iliyobanduka. Gari limetoka gereji mchana, na mlango uliopakwa upya unafanana kabisa na sehemu nyingine. Jioni mwenye gari anasimama kutia mafuta, taa za kituo zinawaka, na mlango ule ule unaonekana umeingia ukijani. Asubuhi amekwisha fika: "Fundi, huu mlango si wa gari yangu." Tunatoka naye nje, tunautazama juani, na tofauti haipo tena. Anaanza kushuku macho yake, kisha anarudi kunishuku mimi. "Papa, jana uliona vizuri, na leo unaona vizuri," namwambia. Watu wengi hawaridhiki na jibu hilo mpaka walielezwe, na maelezo yenyewe ni marefu kuliko muda tulio nao mbele ya gereji. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Mambo yanaanzia nyuma ya jicho. Mwanga tunaouona ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu tofauti, kuanzia kama nanometa 400 upande wa zambarau hadi kama 700 upande wa wekundu. Mtu angedhani kwamba jicho linatambua kila wimbi peke yake, jinsi sikio la mpiga gitaa linavyotambua nyuzi tatu zilizopigwa kwa pamoja. Sivyo. Retina, utando ulio nyuma ya jicho, ina aina tatu tu za seli za kupokea rangi, ziitwazo koni. Aina moja huitikia zaidi mwanga wa karibu nanometa 420, ya pili karibu 530, ya tatu karibu 560. Kila koni hujumlisha mwanga wote inaoupokea na kupeleka jibu moja tu: kiasi. Mawimbi gani yaliyoleta kiasi hicho, haisemi. Thomas Young alibuni wazo la vipokezi vitatu mwaka 1802, na katikati ya karne hiyo ya 19 James Clerk Maxwell akalipima kwa visahani vya rangi vilivyozungushwa kwa kasi mpaka rangi zikayeyuka kuwa moja.

Sasa rudi kwenye mlango. Rangi ya kiwandani ilitengenezwa kwa pigmenti, yaani unga wa rangi, fulani ya buluu. Yangu, kama sina pigmenti hiyo, nimeitengeneza kwa buluu nyingine, nikaongeza nyeusi kidogo na njano kidogo. Ukipima mwanga unaorudi kutoka bati moja na kutoka jingine, wimbi kwa wimbi, haufanani hata kidogo. Lakini juani majumlisho matatu ya koni yanatoka sawa, na jicho halina njia nyingine ya kujua. Badilisha taa, na hesabu inavurugika. Taa nyingi nyeupe za LED zina kilele kikali cha buluu karibu na nanometa 450, kisha bonde, kisha mwinuko mpana upande wa njano. Penye bonde hilo, pigmenti moja inapoteza mwanga mwingi kuliko nyenzake. Majumlisho yanaachana, na ukijani unajitokeza. Rangi za namna hii huitwa metameri. Hakuna anayeona vibaya hapo, si mteja, si fundi.

Kwa hiyo napinga kwa nguvu zote ile tabia iliyoenea ya "ongeza tone la njano mpaka ifanane". Kila tone la pigmenti ambayo haikuwemo kwenye rangi ya awali linakusogeza karibu na ulinganifu chini ya taa moja na kukusogeza mbali chini ya taa nyingine. Bora fomula yenye pigmenti zile zile za kiwandani, hata ikipishana kidogo, kuliko rangi iliyolazimishwa kufanana chini ya balbu ya duka. Na sampuli itazamwe chini ya mwanga zaidi ya mmoja: wa mchana kivulini, wa LED, na wa balbu ya njano ya zamani kama bado unayo. Taa za sodiamu zenye umanjano mkali hazifai kabisa, maana karibu mwanga wao wote uko kwenye nanometa 589. Chini yake unabaki na weusi na weupe tu.

Hata hivyo, kama koni zingekuwa ndizo zenye neno la mwisho, dunia ingetubadilikia kila wingu linapopita. Karatasi nyeupe ndani ya nyumba inatuma mwanga mchache mno kuliko kaa la makaa lililowekwa juani saa sita mchana, na bado karatasi tunaiona nyeupe na kaa tunaliona jeusi. Ubongo hauulizi mwanga kiasi gani umefika. Unauliza taa iliyopo ni ipi, kisha unaitoa kwenye hesabu ili ibaki rangi ya kitu chenyewe.

Hapa kwetu kuna mfano ambao kila mtu amewahi kuupita bila kuutazama. Udongo wa Katanga ni mwekundu kwa oksidi ya chuma. Egesha gari jeupe juu yake saa ya jua kali, kisha tazama sehemu ya chini ya mlango. Mwanga unaotoka pale kweli ni wa pinki, kwa sababu jua limepiga ardhi, ardhi imelichuja, na wekundu umerushwa juu kwenye bati. Piga picha kwa simu, kata kipande kile peke yake, utaona pinki waziwazi. Lakini ukilitazama gari zima unaona nyeupe toka juu hadi chini. Ubongo unajua ardhi iko wapi, bati limeelekea wapi, na unafuta wekundu unaostahili kufutwa.

Kwamba ubongo unatumia umbo la vitu katika hesabu hii si dhana tu. Mwaka 1999 Marina Bloj, Daniel Kersten na Anya Hurlbert walichapisha jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote ya fani hii. Walikunja kadi katikati. Upande mmoja ulikuwa na rangi kali ya majenta, mwingine mweupe, na pande hizo zikatazamana kama kurasa za daftari lililofunguliwa nusu. Upande mweupe ulipokea mwanga wa majenta kutoka kwa mwenzake. Watu waliuona kuwa na pinki hafifu. Kisha wakatazama kupitia kifaa kinachogeuza kina, cha karibu kikaonekana mbali na cha mbali karibu, kadi ikaonekana kama paa la nyumba, pande zake zikiwa zimepeana mgongo. Mwanga ulioingia jichoni haukubadilika, lakini safari hii upande ule ule ulionekana pinki iliyokoza zaidi. Sababu ni kwamba pande za paa haziwezi kumulikana, kwa hiyo ubongo haukuwa tena na pa kuusukumia wekundu ule, ukauhesabu kuwa ni wa karatasi.

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba rangi inakaa peke yake. Katika kazi yetu haikai. Inakaa chini ya uso, na uso nao una mwanga wake.

Vernisi, lile tabaka angavu tunalopaka juu ya rangi, hurudisha, kama kioo cha dirisha, karibu asilimia 4 ya mwanga unaoipiga wima, kabla mwanga huo haujagusa rangi. Ukiutazama uso kwa mshazari zaidi, kiasi hicho kinapanda. Mwanga huo wa juu hauna rangi ya gari, una rangi ya taa. Uliobaki unazama, unakutana na chembe za pigmenti, unachujwa, na unaporudi nje ndio tunaouita rangi ya gari. Uso ukiwa laini, ule mwanga mweupe wa juu unakwenda upande mmoja tu. Sogeza kichwa kidogo umeukwepa, ukabaki na rangi tupu, imekoza. Uso ukiwa na mikwaruzo midogo, mwanga ule ule mweupe unatawanyika kila upande na hakuna pa kuukwepea. Unajichanganya na rangi na kuipausha.

Hii ndiyo sababu gari jeusi ni mateso. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wote, kwa hiyo asilimia 4 zaidi haionekani. Nyeusi nzuri inarudisha asilimia chache tu kutoka ndani. Ukiimwagia 4 nyingine za juu, zikatawanyika, umeigeuza kijivu. Mteja anasema rangi imechujuka na anataka gari lipakwe upya. Mara nyingi rangi haijaguswa na chochote. Ni vernisi imechakaa kwa kufutwa vumbi la kiangazi kwa kitambaa kikavu, na vumbi letu lina mchanga. Msasa laini sana na maji, kisha pasta ya kung'arisha, na weusi unarudi bila tone moja la rangi.

Wachongaji wa malakiti hapa mjini wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Jiwe likiwa bado na ukwaruzo wa msasa lina kijani cha vumbi, mistari yake haionekani vizuri. Limwagie maji, kijani kinazama papo hapo na mistari inatoka moja baada ya nyingine. Maji yamejaza vijibonde vya uso na kuweka juu yake uso mpya laini. Tena, mwanga uliokwisha ingia chini ya maji haupati njia rahisi ya kutoka. Sehemu yake inarudishwa chini kwenye jiwe na kuchujwa mara nyingine. Yakikauka, jiwe linapauka tena. Kulisugua mpaka ling'ae ni kufanya ulaini ule udumu. Malakiti si gumu, liko kati ya 3.5 na 4 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kwa hiyo linang'aa upesi na linakwaruzika upesi vilevile.

Lakini jicho linajuaje kwamba doa jeupe juu ya mlango ni mng'ao wala si tone la rangi nyeupe lililoanguka? Kwanza, kwa mahali lilipo. Mng'ao hufuata mkunjo wa bati na hukaa karibu na sehemu zenye mwanga zaidi. Mwaka 2009 Barton Anderson na Juno Kim walionyesha kwamba ukichukua picha ya kitu kinachong'aa na kuizungusha ming'ao pekee, isiendane tena na vivuli, kitu kile kinapoteza mng'ao wake na kuonekana kimepakwa madoa. Pili, kwa mwendo: ukitembea, doa linabaki pale pale kwenye bati, mng'ao unateleza. Tatu, kwa macho mawili: juu ya bati lililobinuka nje, mng'ao hauketi kwenye uso, unaonekana nyuma yake, ndani kidogo ya bati. Funga jicho moja mbele ya kapo, yaani boneti, iliyong'arishwa vizuri, kisha lifungue. Ule undani unaokuja ghafla ndio ninaousema.

Na mng'ao unahitaji kitu cha kuakisi. Roland Fleming, Ron Dror na Edward Adelson walionyesha mwaka 2003 kwamba watu wanakadiria mng'ao vizuri zaidi kitu kikiwa ndani ya mwanga wa mazingira halisi kuliko kikimulikwa na kitaa kimoja gizani. Nawasihi mafundi wenzangu: msikague vernisi ndani ya kibanda chenye balbu moja. Toa gari nje, penye miembe, nyaya za umeme na ukingo wa paa. Nyaya zikionekana zimenyooka juu ya mlango, vernisi imelala vizuri. Zikitetemeka, ina maganda ya chungwa, yaani vijibonde kama vya ganda la chungwa, na hakuna balbu itakayokuonyesha hilo vizuri zaidi.

Imebaki metali, na katika mji uliozaliwa na shaba hatuwezi kuipita. Nimesema mng'ao wa vernisi una rangi ya taa. Shaba haifuati kanuni hiyo. Elektroni zake zinameza sehemu kubwa ya buluu na kijani palepale usoni, na kurudisha karibu wekundu wote, kwa hiyo hata mng'ao wake mkali ni mwekundu-chungwa. Weka msalaba wa shaba wa Katanga, ule uliotumika zamani kama fedha, uliosuguliwa kando ya kikombe cha plastiki chenye rangi hiyo hiyo. Kikombe kina doa jeupe, msalaba una doa la shaba. Jicho linazitenganisha mara moja, hata mtoto anakuambia ipi ni metali.

Rangi ya metaliki ya gari inaigiza jambo hili: vipande vidogo sana vya aluminiamu vimelala ndani ya rangi iliyo wazi, kwa hiyo mwanga unaopiga kila kipande unapita kwenye rangi unapokwenda na unaporudi, nao unatoka na rangi. Juu yake vernisi inaongeza mng'ao wake mweupe. Uigaji ni mzuri, ila una masharti. Vipande vikilala kifudifudi, bati linang'aa likitazamwa uso kwa uso na kufifia likitazamwa kwa pembeni. Vikisimama ovyo, mambo yanageuka. Ukipuliza kwa pistole, kifaa cha kupulizia rangi, ukiwa mbali, rangi inatua ikiwa nusu kavu na kuonekana nyeupe zaidi. Ukipuliza karibu na kwa wingi, inatua ikiwa na maji mengi na kuonekana imekoza. Ni kopo moja, fomula moja, rangi mbili.

Kwa hiyo kwenye metaliki silinganishi kamwe rangi iliyo ndani ya kopo. Naipaka kadi ya majaribio kwa pistole itakayopaka mlango, kwa shinikizo lile lile na umbali ule ule, naiacha ikauke, naipaka vernisi, kisha naishika kando ya kapo na kuitazama mara tatu: uso kwa uso, kwa nusu mshazari, na karibu sambamba na bati. Ikilingana mara mbili na kukataa ya tatu, nabadilisha upulizaji kwanza kabla sijagusa fomula.