Swali la presha halipimi presha

Dodoso nyingi za afya nilizofanyia kazi zina swali hili: "Je, umewahi kuambiwa na daktari au mhudumu mwingine wa afya kwamba una presha?" Mhojiwa anajibu ndiyo au hapana, mhojaji anasonga mbele. Lakini ili mtu ajibu ndiyo, lazima awe alifika kituoni, akapimwa, akaelezwa kwa lugha anayoielewa, na bado akumbuke. Kamba ikikatika popote hapo, mgonjwa anaandikwa mzima.

Presha ndiyo hatari zaidi kwa mtindo huu, maana mara nyingi haiumi. Mtu ana 170 kwa 100 na anajiona yuko sawa kabisa. Ndiyo sababu STEPS, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kufanyia tafiti za maradhi yasiyoambukiza, hauishii kwenye maswali: mhojiwa anapimwa mara tatu, kisha unachukuliwa wastani wa vipimo viwili vya mwisho. Na msidhani mashine inatosha peke yake. Anayemeza dawa vizuri atasoma chini ya 140 kwa 90, kiwango ambacho kuanzia hapo mtu huhesabiwa ana presha, na bila kumuuliza tungemhesabu hana ugonjwa.

Kisukari kina afadhali. Aliyeambiwa anacho hakisahau kirahisi. Maradhi ya viungo ni kinyume chake: kila goti linalouma huitwa baridi yabisi, hata kama hakuna aliyelichunguza.

Mwaka 2002 mchumi Amartya Sen aliandika jambo ambalo huwa nalirudia kwa kila anayeanza kazi hii. Nchini India, watu wa Kerala waliishi miaka mingi kuliko wa Bihar, lakini ndio waliosema wanaumwa zaidi. Aliyesoma na kuizoea hospitali anajua kuyaita maradhi yake kwa jina. Ukipanga maeneo kwa majibu hayo matupu, utapeleka dawa kusikohitajika zaidi.

Kwa hiyo kabla ya swali la daktari naweka jingine: "Umewahi kupimwa presha?" Wanaosema hapana siwachanganyi na waliopimwa wakakutwa salama, wanakaa kwenye safu yao. Mara nyingi wahariri wa ripoti huniomba niwaunganishe, eti jedwali lipendeze. Nakataa.