Feni zinazunguka, skrini giza: si lazima mazabodi mpya iwe mbovu

Umebadilisha mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, umewasha, feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini ni giza tupu. Wengi hukata shauri papo hapo: umeme unafika, basi mazabodi yenyewe ndiyo mbovu. Sivyo. Feni kuzunguka kunaonyesha tu kwamba pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, inatoa umeme. Hakusemi lolote kuhusu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.

Prosesa ina kebo yake ya umeme, mara nyingi ya pini 4 au 8, inayochomekwa karibu nayo, pembeni mwa mazabodi. Husahaulika sana, maana tundu lake hujificha nyuma ya feni kubwa ya kupoozea. Bila kebo hiyo feni zitavuma vizuri tu huku prosesa imelala fofofo. Anza hapo.

Kisha tazama kebo ya monita imechomekwa wapi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazitoi picha zenyewe, kwa hiyo tundu la HDMI la mazabodi halitakusaidia kitu. Chomeka kwenye kadi ya grafiki.

RAM nayo, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ibonyeze mpaka klipu ijifunge. Ikiwa ni RAM ya aina ya DDR5, subiri kwanza: mara ya kwanza mazabodi huweza kuchukua dakika kadhaa kujilinganisha nayo, skrini ikiwa nyeusi muda wote. Watu huzima katikati, halafu wanalaumu duka.

Na BIOS ya zamani, yaani programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, inaweza kutoitambua prosesa mpya hata kama inaingia vizuri kwenye soketi, yaani tundu lake. Hapo ni kuisasisha tu.